Hesabu Miezi Kabla ya Kukata Tikiti: Safari Ndefu ya Ng'ambo kwa Mzee

Mazungumzo haya yalitolewa na muuguzi mstaafu mbele ya kikundi cha wazee waliokutana katika ukumbi wa jamii. Tunayachapisha kwa sababu wakazi wengi wamekuwa wakiuliza kuhusu safari za kuwatembelea watoto walio nje ya nchi.

Nimeombwa nizungumze juu ya safari za ng'ambo, na si zile za wiki moja za mkutano, bali zile za miezi mitatu, minne, hata sita, ambazo siku hizi wengi wetu tunaitiwa na watoto wetu. Mtoto anapiga simu kutoka Manchester au Dallas: "Mama, njoo ukae na sisi kidogo." Hilo neno "kidogo" ndilo nitakalolizungumzia leo, kwa maana lina gharama yake na watu hawaihesabu.

Mtu akisikia safari, swali la kwanza ni bei ya tikiti. Tikiti si jambo dogo, lakini katika safari ndefu ndiyo gharama inayopungua kadiri unavyokaa. Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme tikiti ya kwenda na kurudi ni shilingi 140,000. Ukikaa wiki tatu, kila siku imekula karibu shilingi 6,700 za tikiti. Ukikaa siku 150, kila siku imekula shilingi 930 hivi. Ndiyo maana watoto hutuambia, "Maadamu umeshafika, kaa." Na kwa upande huo wana haki.

Lakini kuna gharama zinazokwenda upande wa pili. Bima huongezeka kwa kila mwezi. Dawa huongezeka. Nyumba uliyoiacha hapa na ng'ombe wako na shamba lako vinaendelea kumlipa mtu. Katika miaka niliyofanya kazi hospitalini nimewaona wazee waliorudi kutoka safari kama hizo wakiwa na deni au na afya iliyoharibika, na sikumbuki hata mmoja aliyeangushwa na tikiti. Waliangushwa na miezi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya ndege, kaa na mtoto wako kwenye simu mkubaliane idadi ya miezi, na mwezi wa kurudi muutaje kwa jina.

Sheria za nchi unayokwenda ndizo za kwanza kukuwekea kikomo. Uingereza humruhusu mgeni wa matembezi kukaa hadi miezi 6 kwa safari moja. Kuna viza za huko zinazodumu miaka 2, 5 au 10, na watu hudanganyika wakidhani wanaweza kukaa miaka yote hiyo. La. Kila ukiingia, ni miezi 6 tu, na ukionekana unaishi huko kwa kuingia na kutoka, watakukatalia. Nchi za Ulaya za mkataba wa Schengen, kama vile Ujerumani, Ufaransa na Uholanzi, hutoa siku 90 katika kila siku 180, na hizo siku 90 ni za nchi zote pamoja. Huwezi kumaliza 90 Berlin halafu ukaanza kuhesabu upya Amsterdam.

Marekani inahitaji maelezo kidogo, kwa sababu hapo ndipo wazee wengi hukosea bila kukusudia. Tarehe iliyo kwenye viza yako si tarehe ya kurudi nyumbani. Viza inakufikisha mlangoni tu. Siku za kukaa hupangwa na ofisa wa uhamiaji unapotua, na huandikwa katika rekodi inayoitwa I-94, ambayo siku hizi iko kwenye mtandao. Kwa mgeni wa matembezi huwa ni miezi 6 mara nyingi, lakini inaweza kuwa pungufu. Mwambie mtoto wako akufungulie hiyo rekodi siku hiyo hiyo uliyofika, muisome pamoja, uandike tarehe kwenye kalenda ya jikoni. Kama kuna sababu ya kweli ya kuongeza muda, ombi hupelekwa kabla ya tarehe hiyo kufika.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu aliyezidisha muda Marekani kwa zaidi ya siku 180 kisha akaondoka anaweza kuzuiwa kurudi kwa miaka 3, na aliyezidisha mwaka mmoja au zaidi, miaka 10. Kijana wa miaka 25 akifungiwa miaka 10, atarudi akiwa na 35. Wewe mwenye miaka 74 ukifungiwa miaka 10, mwenyewe unajua maana yake. Utakuwa umewaona wajukuu wako kwa mara ya mwisho, na kila kitu kingine kitakuwa cha kwenye simu.

Walio na watoto Kanada wana njia nyingine ambayo wengi hawaijui. Kuna viza maalumu ya wazazi na mababu, inayoitwa Super Visa, ambayo tangu Julai 2022 humruhusu mzazi kukaa hadi miaka 5 kwa kuingia mara moja. Lakini si ya bure hata kidogo. Mtoto au mjukuu lazima awe raia au mkazi wa kudumu wa huko, aonyeshe kipato cha kutosha, wewe upimwe afya, na uwe na bima ya matibabu ya mwaka mmoja isiyopungua dola 100,000 za Kanada. Hiyo bima kwa mtu wa miaka 75 mwenye sukari ni pesa nyingi. Basi mtoto aulize bei ya bima kwanza, ndipo aseme kuhusu viza.

Nitaje pia mawakala. Viko vioski na ofisi ndogo mjini ambako mtu atakujazia fomu za viza na kukuuliza, "Mzee, niongeze nini hapa kwenye akaunti yako?" Inuka uondoke. Uingereza ikigundua karatasi ya uongo inaweza kukataa maombi yako yote kwa miaka 10, na Marekani inaweza kukuzuia maisha. Taarifa ya benki ya mkulima mstaafu haihitaji kuwa na mamilioni. Anayelipa safari ni mtoto? Basi iandikwe hivyo, na mtoto aweke karatasi zake za mshahara. Kinachotazamwa sana kwa mzee ni kama una sababu ya kurudi: shamba, nyumba, mume au mke, pensheni, kazi ya kanisa au msikiti, wajukuu wengine walio hapa. Hayo unayo. Huna haja ya kununua uongo.

Sasa nije kwenye fani yangu.

Nyumbani tumezoea kadi ya SHA. Kadi hiyo haitakulipia kitanda cha hospitali kule Leeds ulikokwenda kumtembelea mwanao. Na watu husema, "Lakini Uingereza matibabu ni bure." Ni bure kwa wakazi wao. Kwa mgeni, kitengo cha dharura watakuhudumia bila malipo ukifika ukiwa hoi, lakini ukishalazwa, bili inaanza. Na hospitali za huko humtoza mgeni wa namna yetu asilimia 150 ya gharama, yaani gharama kamili na nusu yake juu. Deni la pauni 500 au zaidi likikaa bila kulipwa linaweza kufanya viza inayofuata ikataliwe. Marekani siwezi hata kukutajia bei, maana kila hospitali ina yake, lakini usiku mmoja wa kulazwa unaweza kuuza shamba.

Kwa hiyo bima ya safari si pambo. Nchi za Schengen hazikupi viza bila bima ya angalau yuro 30,000. Nchi nyingine hazilazimishi, na hapo ndipo mtoto anapokuambia, "Mama, wewe uko sawa tu, tuokoe hizo pesa." Usikubali. Na unapoinunua, usiangalie bei peke yake. Uliza umri wa mwisho wanaoukubali, maana kampuni nyingi huanza kupandisha bei mtu akifika 65 au 70, na nyingine hufunga mlango kabisa ukivuka 80. Uliza siku ngapi inafunika kwa safari moja, kwa sababu kuna bima zinazoitwa za mwaka mzima na ndani yake zinaruhusu siku 30 au 90 tu kwa kila safari. Mzee anakaa miezi mitano akijua ana bima, kumbe iliisha mwezi wa tatu. Na sema ukweli kuhusu presha, sukari, moyo na upasuaji wowote uliofanyiwa. Ukificha, kampuni itachukua pesa zako kwa furaha, na siku ya bili itafungua faili lako na kukataa kulipa.

Kuna kipengele kimoja ambacho hatupendi kukitaja, nacho ni kurudisha mwili nyumbani. Sote hapa tumewahi kuchanga harambee ya kumrudisha mtu aliyefariki ng'ambo. Tunajua zile wiki za mikutano na zile simu za usiku. Bima nyingi za safari zina kipengele hicho. Hakikisha yako inacho na kiasi chake kimeandikwa. Si uchuro. Ni kuwahurumia utakaowaacha.

Dawa nazo. Nilimhudumia mama mmoja aliyerudi kutoka ng'ambo na presha ya juu kiasi cha kutisha. Alikuwa amebeba dawa za miezi mitatu, safari ikarefushwa ikawa mitano. Duka la dawa la huko halikukubali cheti cha daktari wa Kenya, na ndivyo ilivyo Uingereza na Marekani: wanataka cheti cha daktari anayetambuliwa kwao. Kumwona daktari kungegharimu, na hakutaka kumsumbua mwanawe. Akaanza kukata vidonge nusu. Hakumwambia mtu. Miezi miwili anakata nusu, anatabasamu mezani, anasema yuko salama. Mwanawe angelia kama angejua.

Basi beba dawa za muda wote wa safari na wiki kadhaa za ziada, na kama muda ukirefushwa, suala la dawa litatuliwe kabla ya tikiti kubadilishwa. Zibaki kwenye pakiti zake za dukani, si kwenye mfuko wa nailoni wala chupa ya asali. Mwombe daktari barua inayotaja jina halisi la dawa, si jina la kibiashara tu, pamoja na kipimo na ugonjwa. Zibebe mkononi ndani ya ndege. Sanduku likipotea Addis au Doha, wewe na dawa zako mfike. Insulini hasa usiitie kwenye mzigo wa chini ya ndege, inaweza kuganda. Na wanaotumia dawa kali za maumivu kama tramadol au zenye codeine, au za usingizi kama diazepam, muwe waangalifu sana na nchi za Ghuba. Huko dawa hizo zinadhibitiwa vikali na huhitaji kibali kabla ya kuingia nazo.

Kwenye ndege yenyewe sina mengi. Kutoka Nairobi hadi London ni saa nane au tisa, na ile ya moja kwa moja hadi New York ni karibu saa 15. Damu hupenda kuganda miguuni mtu akikaa muda mrefu hivyo, hasa kwa mzee, kwa mnene, na kwa aliyefanyiwa upasuaji karibuni. Omba kiti cha kando ya njia, simama utembee, kunywa maji. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aonane na daktari wake kwanza. Na msione haya kuomba kiti cha magurudumu cha uwanja wa ndege. Hakilipiwi, huombwa wakati wa kukata tikiti, na anayekusukuma anajua milango yote. Mimi natembea vizuri na bado nakiomba, kwa sababu viwanja vile vina kutembea kuliko kwenda sokoni.

Nimekaa miezi mitano kwa binti yangu Uingereza, na nataka niwaambie jambo ambalo karatasi za viza hazilisemi. Nyumba huwa tupu. Saa moja asubuhi kila mtu ametoka, na kurudi ni saa kumi na mbili jioni. Hakuna jirani wa kuingia kukopa chumvi. Ukienda Disemba, London jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na baridi inashika magoti. Ndiyo maana nashauri, kama una uchaguzi, nenda kati ya Aprili na Septemba. Epuka kusafiri katikati ya likizo zao za Julai na Agosti, na wiki za Krismasi, maana bei za ndege hupanda. Mwisho wa Aprili kwenda na mwanzo wa Septemba kurudi ni safari nzuri kwa mfuko na kwa magoti.

Muulize mtoto kabla hujaenda: kuna kanisa au msikiti wa kutembea kwa mguu? Kuna maktaba ya mtaa? Maktaba zao ni za bure kuingia, zina joto, na mzee anaweza kukaa humo siku nzima na gazeti bila kuulizwa. Ile kadi ya wazee ya kupanda basi bure usiitegemee, ni ya wakazi. Na jambo la vyumba. Kwetu mama mkwe ana heshima yake na umbali wake na nyumba ya mkwe. Huko ni vyumba viwili, bafu moja, na mkwe anapita na taulo. Kama mila zenu zinakataza, semeni mapema, watoto watafute jinsi. Usifike ndipo ukaanza kukaa chumbani siku nzima bila kula kwa sababu mkwe yuko sebuleni.

Na wajukuu. Tusemezane kama watu wazima. Malezi ya mtoto mchanga ng'ambo ni ghali mno, na mara nyingine ndiyo sababu ya mwaliko. Si kosa kumsaidia binti yako aliyejifungua. Nilifanya hivyo na nilifurahi. Lakini kuna tofauti kati ya nyanya anayewatembelea wajukuu na nyanya aliyefanywa yaya wa saa kumi kwa siku, siku tano kwa wiki, na magoti yake mabaya. Sheria za huko pia zinatazama tofauti hiyo. Uingereza huruhusu jamaa kumtazama mtoto wakati wa matembezi mafupi, mradi isigeuke kuwa ajira. Ofisa akikuuliza unakuja kufanya nini, jibu ukweli, na ukweli wenyewe uwe ni matembezi. Mkubaliane siku zako za kupumzika kabla ya kuondoka hapa. Kwenye simu ukiwa nyumbani kwako una sauti. Ukiwa kwenye sebule yao bila nauli ya kurudi, sauti hupungua. Kwa sababu hiyo tikiti yako iwe ya kwenda na kurudi tangu mwanzo, hata kama ya kwenda tu inaonekana nafuu.

Nimewatisha kidogo, najua. Hebu niwape upande mwingine, kwa wale ambao hawana mtoto Ulaya, au wanaye lakini hizo bima zimewashinda.

Ng'ambo si lazima iwe kuvuka bahari. Mkataba wa Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ulioanza kazi Julai 2010 unampa raia wa nchi mwanachama nafasi ya kukaa hadi miezi 6 katika nchi nyingine mwanachama bila kulipia viza. Uganda na Rwanda unaingia kwa kitambulisho chako cha taifa. Tanzania wanataka pasipoti au kile kibali cha muda cha kusafiria cha Afrika Mashariki. Basi linatoka Nairobi asubuhi, unashuka Namanga, mnagongewa mihuri ya pande zote mbili katika jengo moja, na kutoka hapo hadi Arusha ni kama kilomita 110.

Nilikaa Moshi miezi mitatu kwa jamaa yangu. Lugha ni yako, ingawa watakucheka kidogo kwa Kiswahili chetu, na watakusahihisha kwa adabu. Ndizi na samaki vipo, hospitali kubwa ya rufaa ya KCMC ipo pale pale mjini, na ukiugua sana, gari la kukurudisha Kenya linapitia Holili na Taveta siku hiyo hiyo. Kwa mzee wa pensheni ya kawaida mwenye ndugu au rafiki upande ule, safari hii ina maana kuliko kukopa kwenye SACCO kwenda kutazama theluji. Ni maoni yangu, na mwenye binti Toronto ana haki ya kunikatalia.

Ila nako kuna masharti. Miezi 6 ni ya matembezi. Usifungue duka. Tangu Julai 2025 Tanzania imewakataza wasio raia kuendesha biashara kadhaa ndogo, ikiwemo uwakala wa pesa za simu. Pia unapovuka unaweza kuulizwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Hapa wazee nisikilizeni vizuri. Chanjo hiyo ni moja kwa maisha, Shirika la Afya Duniani lilishaondoa ule utaratibu wa kurudia kila miaka 10, na cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa. Lakini kwa mtu wa miaka 60 na zaidi anayechanjwa kwa mara ya kwanza, hatari ya madhara makubwa ni kubwa kuliko kwa kijana. Si kwamba imekatazwa. Ni kwamba uonane na daktari kwanza, umweleze magonjwa yako na dawa unazotumia, na akiona haikufai anaweza kukuandikia cheti cha msamaha wa kitabibu. Usisimame kwenye foleni ya mpakani kuchomwa sindano kwa haraka, na wala usinunue cheti cha yule kijana mwenye daftari la manjano.

Tumalizie na nyumba mnazoziacha. Miezi sita ni mirefu kwa shamba. Kabla ya kuondoka lipa kodi ya ardhi ya kaunti na leseni ya biashara kama una duka, ili usirudi ukakuta faini. Hati miliki usimwachie mtu kabatini. Ipeleke benki au kwa wakili. Kama kuna mtu wa kukusimamia, mpe mamlaka kwa maandishi mbele ya wakili, na maandishi yataje kazi zake moja moja: kupokea kodi ya nyumba, kulipa stima na maji, kumlipa mchungaji wa ng'ombe. Usitie sahihi karatasi inayompa "mamlaka yote". Kwa karatasi kama hiyo shamba linaweza kuuzwa ukiwa Birmingham unamwogesha mjukuu.

Walio na miaka 70 na zaidi wanaopokea zile shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, wapitie kwa chifu na kwa ofisa wa maendeleo ya jamii waulize utaratibu wa mtu anayekuwa nje kwa muda. Wenye pensheni waulize ofisi inayowalipa kama kuna uthibitisho wa uhai unaohitajika wakiwa mbali. Michango ya SHA isikatike, kwa sababu siku utakayotua ndiyo siku unaweza kuugua. Laini ya simu iendelee kutumika, maana ujumbe wa benki na M-Pesa unakuja humo, na laini isiyotumika muda mrefu huweza kufungwa. Namba ya siri ya M-Pesa asiwe nayo mtu, hata yule mjukuu mpendwa.

Na mizigo: nyama kavu na mursik viacheni nyumbani. Uingereza na Marekani hawaruhusu mgeni kutoka huku kuingiza nyama, na Uingereza hata maziwa. Ukiulizwa una chakula, sema unacho, uonyeshe. Unga na majani chai havijamfunga mtu, lakini kuficha kunaleta faini.

Pasipoti nimeiacha mwisho ingawa ndiyo ya kwanza kushughulikiwa. Ya kurasa 34 ada yake ni shilingi 7,500 kupitia eCitizen, na inadumu miaka 10. Tatizo letu wazee si ada, ni majina. Kitambulisho kinasema Wanjiku, cheti cha ndoa kinasema Mary, na cheti cha kuzaliwa hakijawahi kuwepo. Kuandikisha kuzaliwa kwa kuchelewa huchukua muda, kwa hiyo anza miezi mingi kabla ya safari, wala usiruhusu mtoto akate tikiti kabla pasipoti haijafika mkononi mwako. Na angalia tarehe ya mwisho. Nchi nyingi na mashirika mengi ya ndege wanataka pasipoti iwe na angalau miezi 6 mbele.

Naona wengine wenu mmekuja nazo. Leteni hapa mbele, na miwani yangu ninayo. Tuanze na yule mama wa nyuma aliyesema anasafiri Mei.